Somo la Mwezi: Kuondoa Ukungu na Harufu ya Uvundo kwenye Nguo za Ngozi



Mwezi wa Mei umeingia, mvua zimekatika, na baridi ya Dowa imeanza kubisha hodi. Wale waliozoea joto la kando ya Ziwa Tanganyika, kule Uvira, Baraka au Rumonge, wanajua jinsi usiku wa Juni na Julai hapa Dzaleka unavyouma. Ndiyo maana siku hizi kila kaya inafungua mabegi na kutoa makoti. Na koti la ngozi lina nafasi yake ya pekee. Huzuia upepo, hudumu miaka mingi, na katika nyumba nyingi usiku hugeuka kuwa blanketi la pili. Wengine wamelinunua sokoni kwenye kaunjika. Wengine ndilo walilovaa siku ya kuvuka mpaka.

Tatizo ni kwamba koti hilo limepita kipindi chote cha mvua, tangu Novemba hadi Aprili, likiwa limekunjwa ndani ya begi au limetundikwa kwenye ukuta wa tofali mbichi. Unapolitoa, unakuta lina madoa meupe au ya kijani kama unga, na harufu ya uvundo inayoingia mpaka kichwani.

Tunapotembelea kaya, tunakuta watu wanafanya moja ya mambo matatu. Wa kwanza hulitupa koti. Wa pili hulipangusa kwa mkono, akalivaa hivyo hivyo, na usiku akamfunika mtoto. Wa tatu huliosha kwa jiki, kisha akalikausha juu ya jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Njia ya kwanza ni hasara. Ya pili inaumiza kifua. Ya tatu inaweza kuua. Somo hili linafundisha njia ya nne.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

- kueleza ukungu ni nini na kwa nini unapenda ngozi;
- kusafisha koti, viatu, mkanda au mkoba wa ngozi bila kuuharibu na bila kujiumiza;
- kuondoa harufu ya uvundo;
- kuzuia ukungu usirudi mvua zitakapoanza tena;
- kutambua dalili zinazotaka mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

1. UKUNGU NI NINI?

Ukungu tunaouzungumzia hapa si ule wa asubuhi milimani. Ni kiumbe hai kidogo sana, jamii moja na uyoga. Wengine huuita kuvu au koga. Uyoga huota kwenye gogo lililooza, na ukungu huota kwenye mkate, mahindi, ukuta, nguo na ngozi.

Ukungu huzaa mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mbegu hizo zimo hewani kila mahali, ndani na nje ya nyumba, wakati wote. Hakuna anayeweza kuzimaliza. Lakini mbegu peke yake haina nguvu. Ili iote inahitaji vitu vitatu: chakula, joto la kawaida na unyevu. Chakula na joto vipo siku zote nyumbani. Kinachobadilika ni unyevu. Kitu kikibaki na unyevu kwa siku moja au mbili tu, ukungu unaweza kuanza kuota.

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu, na likumbuke hata ukisahau mengine: ukiondoa ukungu bila kuondoa unyevu, ukungu utarudi. Dawa ya kwanza ya ukungu ni ukavu na hewa.

2. KWA NINI NGOZI HUPATWA UPESI?

Ngozi ya koti ilikuwa ngozi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo. Kiwandani ilitiwa dawa ili isioze, kisha ikatiwa mafuta ili iwe laini na isipasuke. Ukungu hula mafuta hayo. Hula pia jasho, vumbi na uchafu uliobaki kwenye kola, kwapani na kwenye mikono ya koti. Ndiyo maana madoa huanzia sehemu hizo.

Tena ngozi ina matundu madogo sana. Hunyonya unyevu wa hewa taratibu na huutoa taratibu. Koti linaweza kuonekana kavu kwa nje, kumbe bitana, yaani kitambaa cha ndani, bado ina unyevu. Harufu nyingi hujificha kwenye bitana hiyo.

3. UKUNGU UNADHURU AFYA NAMNA GANI?

Mtu mwenye afya nzuri akigusa koti lenye ukungu mara moja, mara nyingi hapati shida kubwa. Anaweza kupiga chafya, kutokwa kamasi, kuwashwa macho au kukohoa kidogo. Lakini wapo ambao ukungu huwasumbua zaidi:

- mwenye pumu, kwa sababu ukungu unaweza kuamsha pumu ghafla;
- mtoto mchanga na mtoto mdogo;
- mzee;
- mwenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, au aliyewahi kuugua kifua kikuu na mapafu yake yakabaki na makovu;
- mwenye kinga ndogo ya mwili.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Mwongozo huo unaeleza kwamba watu wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu au ukungu wana hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa, na pumu kuzidi. Koti moja si nyumba nzima, ni kweli. Lakini mtoto akifunikwa koti hadi puani usiku kucha, hewa anayovuta inapitia kwenye koti hilo. Kwa hiyo usimfunike mtoto nguo yenye ukungu au harufu ya uvundo, hata kwa usiku mmoja. Kama hakuna blanketi, ni afadhali alale karibu na mama yake akiwa amefunikwa kitenge kisafi na kikavu.

Jambo lingine linaloulizwa sana: je, koti lililoachwa na marehemu aliyekuwa akikohoa linaweza kuleta kifua kikuu? Hapana. Kifua kikuu huenea kwa hewa, pale mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa karibu na wengine. Hakiambukizwi kwa nguo, sahani wala kupeana mikono. Koti la marehemu likisafishwa na kukaushwa vizuri linavaliwa kama koti lingine lolote.

4. CHUNGUZA KWANZA

Kabla ya kushika kitambaa, jibu maswali matatu.

Je, ni ngozi ya kweli? Makoti mengi ya kaunjika ni ngozi bandia, yaani plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Tazama mahali palipochanika au upande wa ndani wa mshono. Ukiona nyuzi za kitambaa chini ya ganda jembamba, hiyo ni bandia. Ngozi ya kweli kwa ndani ina manyoyamanyoya laini, na matundu yake kwa juu hayajapangika sawasawa. Ngozi bandia ni rahisi: ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni, suuza kwa kitambaa kingine, kausha kivulini. Hatua zinazofuata ni za ngozi ya kweli.

Je, ni ukungu kweli? Wakati mwingine mafuta ya ndani ya ngozi hupanda juu wakati wa baridi na kufanya utando mweupe unaofanana na ukungu. Weka kiganja chako chenye joto, au kijiko kilichopashwa kidogo kwenye maji ya moto na kufutwa, juu ya doa kwa muda. Doa likiyeyuka na kupotea, hayo ni mafuta. Pangusa tu kwa kitambaa kikavu. Lisipoyeyuka, na lina harufu ya uvundo, huo ni ukungu.

Je, linafaa kuokolewa? Vuta ngozi taratibu kwa vidole. Ikichanika kama karatasi, au ikiwa imekuwa laini kama kitu kilichooza, koti hilo limekwisha. Lifunge kwenye mfuko na ulitupe kwenye shimo la taka. Usilichome karibu na nyumba, kwa maana moshi wa ngozi na plastiki ni mbaya kwa mapafu.

5. VIFAA

Huhitaji dawa ya bei. Tafuta:

- brashi laini, au mswaki wa zamani usiotumika tena mdomoni;
- vitambaa vitatu au vinne safi, vya pamba;
- kitambaa cha kufunga pua na mdomo, na mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi kama huna glavu;
- maji safi na kipande cha sabuni isiyo kali, kama ile ya kuogea;
- siki nyeupe kidogo;
- magazeti ya zamani au karatasi yoyote isiyo na kazi;
- dawa ya viatu isiyo na rangi, au yenye rangi ya koti lako.

Siki hupatikana madukani. Ukikosa siki, sabuni na maji vinatosha kwa ukungu mdogo.

6. HATUA ZA KUSAFISHA

Hatua ya 1: Toa vilivyomo mifukoni. Angalia kila mfuko, hata ule wa ndani. Kadi ya mgao, cheti cha kliniki cha mtoto na karatasi za uandikishaji vimewahi kukutwa humo vikiwa vimeshikana kwa unyevu. Karatasi iliyolowa usiikunjue kwa nguvu. Iache ikauke kivulini kwanza.

Hatua ya 2: Toka nje. Kazi hii haifanywi ndani ya nyumba. Chagua siku kavu, mbali na jiko, maji ya kunywa na mahali watoto wanapocheza. Funga pua na mdomo, vaa mifuko mikononi. Kitambaa hakizuii mbegu zote za ukungu, ila hupunguza. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto wakae mbali. Kazi hii aifanye mtu mwingine wa nyumbani.

Hatua ya 3: Acha koti lipate hewa. Litundike kivulini penye upepo kwa saa kadhaa, zipu na vifungo vikiwa wazi. Ukungu uliokauka hubanduka kwa urahisi. Ule wenye unyevu hupakaa na kuzama zaidi.

Hatua ya 4: Piga brashi taratibu. Simama upande ambao upepo unatokea, ili vumbi liende mbele na lisikurudie usoni. Anza kwenye kola, shuka hadi pindo, kisha mikono, mishono na chini ya mifuko. Usilikung'ute koti kama mkeka, kwa sababu utarusha mbegu kwa jirani na juu ya nguo zilizoanikwa.

Hatua ya 5: Jaribu mahali pa kificho. Changanya siki na maji kwa vipimo sawa, kwa mfano vijiko 4 vya siki na vijiko 4 vya maji. Chovya ncha ya kitambaa, kamua, na upanguse sehemu ndogo isiyoonekana, kama chini ya kola. Subiri ikauke. Rangi ikihama au ngozi ikibadilika, acha siki na utumie maji na sabuni kidogo tu.

Hatua ya 6: Pangusa. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisiwe cha kuchuruzika. Pangusa sehemu ndogo ndogo, na kila kitambaa kikichafuka geuza upande au chukua kingine. Ukirudia kitambaa kichafu unapanda ukungu mahali pengine. Malizia kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji matupu na kukamuliwa, kisha kitambaa kikavu.

Hatua ya 7: Safisha bitana. Geuza koti ndani nje. Pangusa kitambaa cha ndani kwa maji ya sabuni, hasa kwapani na kwenye kola, kisha ondoa sabuni kwa kitambaa chenye maji matupu. Mifuko ivutwe nje na ipigwe brashi.

Hatua ya 8: Kausha. Jaza karatasi kwenye mikono ya koti ili isinyauke na ili karatasi inyonye unyevu. Tundika kivulini penye upepo kwa siku mbili au tatu, badilisha karatasi kila siku, na usiku liingize ndani ili umande usililoweshe. Jua la asubuhi kwa muda mfupi, bitana ikiwa nje, linasaidia. Jua kali la mchana hukausha mafuta ya ngozi na ngozi hupasuka.

Hatua ya 9: Rudisha mafuta. Koti likikauka kabisa, paka dawa ya viatu kidogo sana kwa kitambaa, acha kwa dakika 10, kisha sugua mpaka mkono usishike rangi. Ngozi yenye manyoya laini kwa nje usiipake kitu. Ipige brashi tu.

Ukimaliza, chemsha vitambaa vilivyotumika au vifue kwa sabuni na uvianike juani. Nawa mikono na uso, badilisha nguo.

Viatu, mikanda na mikoba husafishwa kwa namna hiyo hiyo. Kwenye viatu toa kamba na soli ya ndani, na jaza karatasi mpaka puani mwa kiatu, ambako unyevu hukaa zaidi.

7. HARUFU IKIBAKI

Mara nyingi ukungu hutoka siku ya kwanza, lakini harufu hubaki. Usikate tamaa. Harufu hutoka kwa hewa, na hewa inataka siku. Tundika koti nje kivulini kila siku kavu kwa wiki moja.

Kama bado linanuka, chukua mkaa mkavu ambao haujawashwa, ufunge kwenye kitambaa safi, uuweke pamoja na koti ndani ya sanduku au boksi kwa siku tatu hadi tano. Mkaa hunyonya harufu na unyevu kiasi. Rudia ikibidi, kwa mkaa mwingine. Mkaa uliokwisha washwa usiutumie, hata kama unaonekana umezimika.

Manukato hayaondoi uvundo. Hufunika kwa saa chache, kisha harufu mbili hukaa pamoja. Na kama koti limekauka kabisa lakini harufu inarudi kila baada ya siku mbili, rudi kwenye bitana na mifuko. Ukungu umebaki humo.

8. MAMBO YA KUEPUKA KABISA

Usikaushe koti juu ya jiko la mkaa ndani ya nyumba. Hili tunalisema kila mwaka, na tutaendelea kulisema. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Nyumba ikiwa imefungwa, hewa hiyo hujaa, na waliolala hawaamki. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Ukizihisi, toka nje mara moja, watoe wengine, kisha muende kituo cha afya. Usirudi kulala. Tena ngozi yenye unyevu ikipigwa na moto hujikunja na kuwa ngumu kama ubao, na hairudi tena.

Usitumie jiki wala klorini kwenye ngozi. Hula rangi na kudhoofisha ngozi. Klorini ina kazi zake: maji ya kunywa kwa kipimo unachofundishwa, na kusafisha vyombo na vyoo. Wala usichanganye jiki na siki, spiriti au sabuni ya choo. Jiki na siki vikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Jiki huchanganywa na maji tu.

Usipake mafuta ya kupikia, mawese wala samli. Wazee wengi wanapenda njia hii kwa sababu koti hung'aa siku hiyo. Lakini mafuta ya chakula huchacha, hunuka, na hugeuka kuwa chakula kipya cha ukungu. Mafuta ya chakula ni ya watoto, si ya koti.

Usisugue kwa majivu wala magadi ya maji. Vitu hivi ni vikali kwa ngozi na huikausha.

Usiloweke koti kwenye beseni. Ngozi iliyoloweshwa kabisa hupoteza mafuta yake, hunyauka, na bitana huchukua siku nyingi kukauka. Hapo umeukaribisha ukungu upya.

Usipulize dawa ya mbu au ya kunguni. Dawa hiyo haiondoi ukungu, na mvaaji ataivuta usiku kucha.

Ukitumia spiriti badala ya siki, kaa mbali na moto, mshumaa na sigara. Spiriti hushika moto upesi, hata mvuke wake.

9. KUZUIA UKUNGU USIRUDI

Koti ni shahidi wa nyumba. Likiota ukungu, nyumba nayo ina unyevu. Fanya haya kabla ya Novemba:

- Ziba matundu ya paa, na chimba mfereji mdogo kuzunguka nyumba ili maji ya mvua yasiingie chini ya ukuta.
- Usitundike nguo moja kwa moja ukutani. Tofali mbichi hunyonya maji. Funga kamba au mti kutoka pembe hadi pembe, nguo zining'inie katikati.
- Begi au sanduku lisikae sakafuni. Liinue juu ya matofali manne au vipande vya mbao.
- Usihifadhi ngozi ndani ya mfuko wa plastiki. Plastiki huzuia hewa na kufungia unyevu ndani. Tumia shuka la zamani, gunia safi au kitambaa cha pamba.
- Usiweke koti lenye jasho au lililonyeshewa. Likauke kwanza kwa siku nzima.
- Kipindi cha mvua, siku jua linapotoka, fungua mlango na dirisha na utoe makoti, viatu na magodoro yapate hewa. Hata saa mbili kwa wiki zinasaidia sana.
- Ukinunua koti kaunjika, linuse ndani ya kwapa na mifuko kabla ya kulipa. Ukilileta nyumbani, lisafishe kabla ya kulichanganya na nguo nyingine.

10. WAKATI WA KWENDA KITUO CHA AFYA

Kusafisha koti ni kinga. Hakutibu kikohozi kilichokwisha kuanza. Usiseme "ni ukungu tu" ukakaa nyumbani. Nenda kituo cha afya ukiona:

- mtu anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, hasa kama anatoka jasho usiku, anapungua uzito au anakohoa damu. Anatakiwa kupimwa kifua kikuu;
- mtu anapumua kwa shida, kifua kinalia kama filimbi, au anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi;
- mtoto anapumua haraka. Hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka 1: pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5: pumzi 40 au zaidi;
- kifua cha mtoto kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hanyonyi, au amelegea. Huyu apelekwe wakati huo huo, hata kama ni usiku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

Swali: Koti limesafishwa vizuri lakini baada ya wiki mbili madoa yamerudi. Kosa liko wapi?
Jibu: Unyevu haujaondoka. Chunguza bitana, mahali linapotundikwa, na paa.

Swali: Kwa nini brashi hupigwa nje na si ndani?
Jibu: Ndani, mbegu za ukungu hubaki hewani, hutua kwenye matandiko na kuvutwa na waliolala.

Swali: Mvua inanyesha siku tatu mfululizo na koti limelowa. Tufanye nini kama hatuwezi kutumia jiko ndani?
Jibu: Lipanguse kwa kitambaa kikavu, jaza karatasi mikononi na uzibadilishe asubuhi na jioni, litundike karibu na mlango au dirisha lililo wazi, au chini ya baraza. Litakauka polepole, na ngozi hupenda kukauka polepole.

Swali: Jirani ana pumu na anaishi peke yake. Nani amsafishie koti?
Jibu: Kikundi kijibu chenyewe, na kitaje jina la atakayekwenda.

Ndugu msomaji, mfundishe mwenzako uliyojifunza leo, na mtoe makoti nje kabla baridi haijakolea. Kwa maswali zaidi, mwone mhamasishaji wa afya wa mtaa wako anapopita. Tunawatakia kipindi cha baridi chenye usingizi mzuri na vifua vyenye afya.